Mgongo wa Mbawakavu

Butimba, Mwanza
16 Februari 2025

Mpendwa wifi yangu Moza,

Assalaam alaykum, na shikamoo. Huko Muscat mnaendeleaje, na yale magoti yako yamepoa kidogo? Sisi ni wazima, alhamdulillah. Upepo wa juzi kutoka ziwani ulifunua bati la jikoni, lakini shemeji Abdillah ameshalipigilia. Mimi bado nimo ndani ya eda. Nakula vizuri, usiwe na wasiwasi, ila nyumba imekuwa kimya mno.

Uliniomba picha ya mdogo wako Yunus ya siku za karibuni, kwa kuwa tulimzika alasiri ya siku ile ile aliyofariki na wewe hukuwahi. Nimeitafuta mpaka nikachoka. Tangu Yunus anunue kamera, yeye ndiye alikuwa mpigaji, na hakuna aliyempiga yeye. Ipo ya kitambulisho tu, na pale amekaza uso mpaka simtambui. Hiyo sikutumii.

Unajua alivyokuwa na wadudu wake. Akishafunga duka la vipuri vya baiskeli, anavuka ziwa kwa kivuko kwenda Kamanga au anashuka kwenye mawe hapa chini, analala kifudifudi mbele ya mdudu, na matope nafua mimi.

Shida yake kubwa ilikuwa mwanga. Nilidhani jua likiwaka picha inatoka, kumbe kwa kitu kidogo hivyo mambo ni mengine. Lazima usogee karibu kabisa, na ukisogea, kamera yenyewe inamtia mdudu kivulini. Ukiwasha flashi, mgongo unageuka doa jeupe na rangi zote zinapotea. Waliomtesa zaidi ni mbawakavu, wale weusi wanaong'aa. Alijaribu karatasi, akajaribu kipande cha dumu, mwisho akachukua ushungi wangu mweupe bila kuniomba, akauweka kati ya flashi na mdudu. Siku nyingine nilikwenda kumshikia huo ushungi. Mwanga ulilainika, lakini sasa mgongo ukawa kioo, na ndani ya kioo akaonekana yeye. Alikuwa akirudi amenuna: “Nimejiingiza tena, Safia. Picha imeharibika.” Nami namcheka, namwambia akamwombe mdudu radhi.

Wiki iliyopita niliitoa kamera kabatini. Wapo wanaosema mwenye eda hashiki mambo hayo. Nilimuuliza shemeji, akasema yeye haoni kosa. Kwa kuwa sitoki, jirani yetu Getruda aliniletea mbawakavu kwenye kichupa. “Mama Nusrat, huyu nimemkuta kwenye mihogo yangu. Mpige upesi, nikamrudishe kwao,” aliniambia.

Nilimweka juu ya jani uani, nikainama. Sikuhitaji kutafuta kitambaa, maana nguo zangu zote sasa ni nyeupe. Nilikinga jua kwa ushungi, nikapiga.

Nilipoikuza picha, nikaona mgongoni mwa mdudu mwanamke mdogo wa nguo nyeupe ameinama, peke yake. Nililia, wifi. Nililia kuliko siku ya msiba.

Halafu nikazikumbuka zile zake zilizoharibika. Nilidhani ameshazifuta, lakini zote zimo. Nikazikuza moja moja. Katika kila mgongo yumo: kofia yake, viwiko vimetanuka, kichwa kimelala upande kama alivyokuwa akifanya tangu mkiwa watoto.

Nimechagua moja, Nusrat akaenda kuisafishisha mjini. Studio walitaka kuliondoa doa la mgongoni kwa kompyuta ili mdudu atoke safi. Mwanangu akakataa, akasimama pale pale mpaka ikatoka ilivyo. Nimeiweka humu, ndani ya karatasi ngumu.

Nisalimie shemeji Abubakary na watoto wote, na bibi Zamda ukimpigia simu. Getruda naye anakusalimu, na anauliza kama huko kwenu kuna wadudu. Mungu akupe afya, ayatulize magoti yako, na atukutanishe tukiwa na nguvu ya kukumbatiana.

Ukiifungua picha, usiseme wifi kakutumia mdudu. Vaa miwani, tazama mgongoni, upande wa kushoto. Aliyevaa kofia ni Yunus. Na yule aliyeinama kando yake, ameshika kitambaa cheupe, ni mimi.

Ndimi wifi yako, nikupendaye kwa niaba yake pia,

Safia