Mama Klara, Mrembo Amezaa

Mwaka umetimia, mama yetu Klara Haule, tangu bajaji ya jirani yetu Nassibu ikuchukue hapa nyumbani Ilala kukupeleka hospitali, na hukurudi tena. Mimi Stella ndiye ninayeandika. Kaka Tarsis kasema niandike maneno mazuri ya kukusifu, watu wasome. Nitakusifu, ila mazuri matupu yatanikaba koo.

Ulikuwa mama wa mtaa mzima. Asubuhi ulipita sokoni na kiroba chako kuwaokotea kondoo wako majani ya kabichi na maganda ya mahindi mabichi, na wauza mboga walikuwekea fungu lako bila kuambiwa. "Shikamoo Mama Kondoo!" vijana walikuamkia. "Marahaba. Ukioa nitakuletea dume," uliwajibu, nao wanacheka hadi basi.

Uani kwetu palinuka, tuseme ukweli. Mimi nilitoka nimejipulizia manukato, na bado nikifika dukani Kariakoo bosi wangu Jitendra ananiuliza, "Stella, leo umelala na mbuzi?" Nilikuona unaniaibisha. Nisamehe, Mama.

Ulikuwa na kipimo chako kimoja, na sisi tulikucheka kwa hicho. Kondoo akizaa, ulimwacha amlambe mwanawe, kesho yake unakabeba kale kadogo na kutembea nako polepole kuelekea bombani. Mama mtu akikufuata huku analia, huyo ulimtunza hadi uzee. Akibaki anatafuna kabichi, huyo wa bucha. "Kondoo wa Kimasai ni mkali, atakupiga kichwa, lakini mwanawe hamwachi," ulisema. "Dopa, hawa wa kigeni, ni mpole, ana nyama, ila akili yake yote iko kwenye kula. Chotara sasa, huyo subiri uone kachukua ya nani."

Mrembo ni chotara. Mama yake alimkataa, ukamlea kwa chupa jikoni kwetu, akawa anakufuata hata ukienda chooni. Tarsis alisema kondoo wa chupa hawezi kujua umama, bora auzwe Idi ya kuchinja. Ulikataa. "Mwache azae kwanza, tuone."

Ikafika ile wiki ya Idi. Kariakoo haipitiki, wateja wananivuta huku na huku. Nassibu akapiga simu: "Dada Stella, mama kaanguka uani, nampakia sasa hivi, njoo!" Bosi alisikia. "Nenda Stella, duka nitashika mwenyewe," akaniambia. Nikamjibu, "Nimalizie wateja hawa kwanza." Tarsis naye kule Mchikichini, na viatu vyake vya mitumba, alisema atakuja akishafunga biashara. Hatukuzuiwa na mtu, Mama. Hilo ndilo linaloniuma.

Nassibu ndiye aliyetusimulia yaliyobaki. Bajaji ilipotoka uchochoroni, Mrembo alichomoka uani akaifuata, analia, hadi barabara kubwa, magari yanampigia honi. Ukatoa mkono nje ukamwambia, "Rudi nyumbani, Mrembo." Kisha ukamwomba Nassibu, "Waambie wanangu wasimuuze kabla hajazaa." Hukuuliza tuko wapi. Tulipofika hospitali Upanga, sote wawili tunahema, ulikuwa umeshafunikwa shuka.

Wale wengine tuliwauza mmoja mmoja, dume likawa la mwisho. Mrembo tulimwacha, kwa agizo lako.

Mwezi huu amezaa, Mama! Jike, mwili mwekundu wa Kimasai, kichwa cheusi cha dopa. Na Tarsis kwa furaha yake akafanya jambo ambalo ungemchapa kandambili kwalo: akamchukua mtoto akamwogesha kwa sabuni, ileile anayosugulia viatu vyake hadi ving'ae, eti asianze maisha mchafu. Mrembo akamnusa, akageuka. Akamnusa tena, akampiga kichwa, kakagonga ukuta.

"Si nilisema? Kondoo wa chupa huyu," Tarsis akasema.

Nikamfokea. "Wewe umefuta harufu yote ambayo mama mtu angemjulia, halafu unamlaumu yeye? Hebu nipishe!"

Nilimpigia bosi nikamwambia siji dukani hadi mtoto anyonye. "Kaa nyumbani," akasema, akakata simu. Basi. Kumbe ni rahisi namna hiyo, na siku ile yako pia ingekuwa rahisi hivihivi.

Nikafanya kama ulivyokuwa ukifanya. Majani aliyozalia yalikuwa bado yameloa maji ya uzazi, nikampaka nayo mtoto mwili mzima, nikamnyunyizia chumvi mgongoni. Nikakaa chini kwenye samadi nimemkumbatia Mrembo shingoni asikimbie. Kadogo kalishaanza kupoa masikio. Nikaomba kwa Mungu, nikakuomba na wewe, kwamba huyu tusimpoteze kwa ujinga wetu. Mrembo akalamba chumvi. Akalamba tena, sasa hadi tumboni na miguuni. Mwisho akasimama akatulia, kakapata chuchu, kamkia kakaanza kutikisika. Tarsis alikaa juu ya ndoo akalia, mtu mzima na ndevu zake.

Kesho yake nikakabeba kadogo kwenda bombani. Mrembo akanifuata. Nikapita bomba, nikapita uchochoro, yuko nyuma yangu analia. Nikaenda hadi barabara kubwa, pale ulipomwambia arudi, nikasimama. Alikuja, akamnusa mwanawe mikononi mwangu, akabaki hapo hapo miguuni pangu.

Ulitaka kuona kachukua ya nani. Kachukua yako, Mama. Alikufuata wewe, na sasa anamfuata mwanawe. Sisi uliotuzaa ndio tuliobaki tunatafuna kabichi.

Unakumbukwa na wanao Tarsis na Stella, na jirani yako Nassibu aliyekuwa nawe njia nzima. Unakumbukwa na wauza mboga wa soko la Ilala, ambao bado wanakuwekea fungu lako. Nalipitia mimi siku hizi, kwa kiroba chako kilekile.

Siku zote tutakukumbuka, Mama. Tusamehe kwa kuchelewa.