Ndugu Yake Bado Yuko Njiani

Shikamoo Mwalimu Atupele,

Nianze na habari njema, maana nakujua, ungeshanikatiza uulize. Kitabu chako kinachapwa. Hadithi zako zote zitakaa ndani ya jalada moja: ile ya wachimbaji wa Chunya waliopelekwa kuchimba dhahabu kwenye sayari isiyo na maji, ile ya mashine ya hali ya hewa iliyogoma kutabiri mvua mpaka iombwe vizuri, zote. Mhariri wa huku Iringa amezisoma, na amecheka palepale ulipotaka watu wacheke.

Tatizo ni moja, na umeniachia mimi. Hadithi ya mwisho haina mwisho. Umekisimamisha chombo katikati ya anga, umewakalisha watu humo ndani wanasubiri, halafu ukaondoka. Mwalimu, hiyo ni haki? Mimi uliyenifundisha kuandika ndimi niliyeambiwa nimalizie, na kwa wiki nyingi nimekuwa nikiamka, naenda kufundisha, narudi, nakaa mbele ya karatasi na kuchemsha chai isiyo na kazi. Niliogopa. Nikikosea, watu watasoma kosa langu wakidhani ni lako.

Nimekuwa nikizikumbuka Jumamosi zetu pale sebuleni kwako Ilomba. Baridi ya mwezi wa sita, jiko la mkaa katikati, Mama Neema ametoka kuuza viazi na bado ana udongo kwenye kucha, Lusajo fundi simu anasoma kwa sauti, na wewe umejifunika blanketi mpaka kidevuni ukimkosoa. Watu wa mtaani walidhani tunasali. Kumbe tunabishana kama mtu akienda kuishi sayari nyingine bado atakuwa Mnyakyusa.

Hakuna aliyezisoma hadithi za kisayansi kama wewe. Wengine wanaangalia mashine, wewe uliangalia tabia. Siku tuliyosoma habari za wageni kutoka angani wanaoshuka na silaha, ulikifunga kitabu ukasema, "Mtu ametoka mbali vile, anafika tu anaanza kupiga watu? Huyo hakulelewa." Tukacheka, lakini hukuishia hapo. Ulituambia kwamba wale wazee wa Ulaya waliandika sana habari za kuvamiwa kwa sababu nchi zao zilikuwa zimevamia wenzao, na dhamiri ilikuwa inawauma hata kama hawakuitaja. Tangu siku ile sijaweza kusoma hadithi ya vita vya angani bila kujiuliza mwandishi wake anaogopa nini nyumbani kwao.

Habari za roboti nazo ulikuwa na neno. Waandishi wote wanauliza mashine itaanza kututawala lini, ulisema, mbona hakuna anayeuliza siku ikigoma nani ataosha vyombo? Na safari za kurudi wakati uliopita hukuzipenda kabisa. "Zamani naijua, nilikuwepo." Ulitaka kwenda mbele. Ulitaka kuiona Chunya baada ya dhahabu kuisha, uone watu wamebaki na nini. Hawa waandishi wa siku hizi wa bara letu, hasa akina dada, uliwapenda mno, ukasema hawaombi tena nafasi ndani ya chombo, wamekaa kwenye usukani. Ulisema hivyo macho yakiwa na machozi, ukasingizia moshi wa jiko.

Na ile safari ya kwenda kukiona kimondo cha Mbozi! Watalii wanapiga picha, watoto wa shule wanapanda juu, wewe ukasogea, ukaweka mkono juu ya chuma kile ukakiamkia shikamoo. Lusajo akaona aibu. Ukamwambia kimetoka mbali na kimetuzidi umri, sasa yeye alitaka ukisalimie mambo?

Mwalimu, nilikupenda. Nilidhani ulijua, ndiyo maana sikusema.

Sasa turudi kwenye chombo. Nilimweleza mhariri hadithi nzima kama ulivyoiacha. Chombo kinaitwa Rungwe, kimebeba watu wa kwetu kwenda dunia mpya. Bibi mmoja anafariki njiani. Nahodha, kijana msomi, anasema kanuni inataka mwili utolewe nje siku hiyohiyo na safari iendelee. Binti wa marehemu anakataa. Mama yake ana ndugu mmoja tu wa tumbo moja, naye yuko kwenye chombo cha pili, nyuma kwa miaka mingi ya mwendo. Mama hawezi kuzikwa ndugu yake hajafika. Nahodha anapiga hesabu ya mafuta na chakula, anawaambia wakisubiri, watoto waliomo watafika wakiwa wazee. Watu wanakaa kikao. Wanakubaliana kusubiri. Mwili unahifadhiwa nje, kwenye baridi inayoshinda mochwari yoyote, na Rungwe inapunguza mwendo. Hapo ndipo ulipoacha.

Mhariri ni mtu mwema, Mhehe mwenye adabu, alinipokea kwa salamu ya kwao ya kamwene na kiti. Lakini alinikatalia. "Dada, chombo cha angani siyo basi la kwenda Makambako kwamba kitasimama mtu ashuke," aliniambia. Akashauri tuandike kwamba nahodha anawashawishi, bibi anaagwa kwa heshima, wanaendelea na safari. Msomaji wa hadithi za kisayansi anataka kufika, alisema, hataki kukaa msibani. Tukishindwa kukubaliana, hadithi inaondolewa kitabuni.

Nilitaka kumjibu kama ambavyo ungemjibu wewe, nikaishia kukusanya karatasi zangu. Nikarudi nyumbani nikajaribu. Nilimfikisha yule ndugu kwa shangwe, ikawa uongo. Nilimuua njiani, ikawa uongo mwingine. Mpaka nikakumbuka mazishi yako. Wewe hukuyaona, acha nikusimulie.

Kaburi lilikuwa tayari tangu asubuhi. Kwaya imeimba, mchungaji amehubiri, sote tunamngoja mdogo wako Gwakisa atoke Chunya. Kumbe gari lake lilikuwa limeharibika njiani, na simu haipatikani. Manyunyu yakaanza. Mgeni mmoja wa mjini akanong'ona kwamba tungezika tu, atakuja kuoneshwa kaburi. Watu hawakumkasirikia hata, walimtazama tu kama mtu aliyeongea lugha ya kwao wasiyoijua. Akina mama wakasogeza moto, wakaongeza maji kwenye ndizi, kwaya ikaanza upya wimbo wa kwanza. Mchungaji akaivua saa yake akaiweka mfukoni. Nilikaa pale kwenye majani yenye maji, Mwalimu, nikaona niko ndani ya Rungwe.

Gwakisa alifika jua linaelekea kuzama, tope mpaka kwenye nyusi, viatu mkononi. Umati mzima ukasimama. Nikadhani sasa litasemwa neno kubwa. Wifi yako akamshika mkono akamuuliza, "Umekula?"

Hapo ndipo alipolia. Sote tukalia.

Basi ndivyo nilivyomaliza. Miaka inapita ndani ya Rungwe. Nahodha anazeeka akisubiri, na miaka yote hiyo anaandaa hotuba ya kusoma siku vyombo viwili vitakapokutana, neno la kwanza la binadamu kwa binadamu katika giza lile. Siku inafika. Redio inakoroma, sauti ya mzee inasikika kwa mbali, inakatika, inarudi. Nahodha anasimama na karatasi yake. Binti wa marehemu, naye sasa ana mvi, anamsogeza taratibu, anashika kipaza sauti. "Mjomba," anasema, "mmekula?"

Nikampelekea mhariri. Alisoma nikiwa nimekaa mbele yake. Alipomaliza alivua miwani, akaniomba samahani, akatoka nje. Kupitia dirishani nilimsikia anampigia dada yake Njombe, anamuuliza hali, anamuuliza watoto, anamuuliza tena hali. Aliporudi hakutaja basi la Makambako. Alisema tu inabaki hivyohivyo, asiguse mtu.

Kwenye jalada kuna jina lako peke yako. Waliniuliza, nikakataa langu kuwekwa, na sitaki unibishie.

Ndaga fijo, Mwalimu. Asante kwa dunia zote ulizotupeleka tukiwa tumekaa Ilomba. Pumzika, baridi ya huko isikusumbue. Nakuahidi Jumamosi hazitakufa. Kitabu kikitoka nitakuja nacho sebuleni kwako, tutakaa na Mama Neema na Lusajo tukisome kuanzia mwanzo. Gwakisa amesema atakuja kutoka Chunya, na gari lake bado ni lilelile. Hakuna atakayefungua ukurasa wa kwanza kabla hajafika.

Mwanao wa kusoma,
Subira