Usiniulize Mimi, Iulize Karatasi

Mwaka mzima umepita sasa, Bwana Hatua, kama tulivyokutania, tangu moyo wako usimame ghafla asubuhi ile, chai yako ikiwa bado ya moto mezani. Mimi mkeo ndiye ninayeandika. Wengine wamesimama nyuma yangu wakinisahihisha, kama ulivyotuzoesha.

Majirani walidhani huna kazi, maana hukuonekana ukitoka. Kumbe ulikuwa chumba cha nyuma ukiandika mwongozo wa programu ya kompyuta ya bure ambayo watu wa nchi nyingi wanaijenga pamoja bila kuonana. Wenzako wanne hukuwahi kuwashika mkono, lakini uliwajua kwa sauti za kwao zilizosikika simuni: huyu ana jogoo, yule jirani yake ni fundi wa kuchomelea. Siku jogoo asiposikika, ulimpigia mwenye jogoo kumuuliza kama ni mzima.

Ulikuwa mpole, ila kwa ubishi hukuwa na mpinzani. Hakuna ukurasa uliotoka kabla Mama yako, fundi cherehani aliyeijua kompyuta kwa kuifuta vumbi tu, hajaufuata mpaka mwisho. Ulimketisha, ukajiziba mdomo kwa kiganja usimsaidie. Akiuliza, ulijibu, "Mama, usiniulize mimi, iulize karatasi." Akikwama, hukumlaumu, ulifuta ukaanza upya.

Sura ya kwanza, ya mtu anayeanza kabisa, uliiacha iwe ya mwisho, ukajigamba kwamba hiyo utaiandika umefumba macho. Hapo ulikosea, mume wangu, nakwambia waziwazi. Ulituachia mistari miwili.

Wiki chache baada ya mazishi, mratibu wenu alipiga simu. "Shemeji, tumejaribu kuimalizia, lakini sote tunaandika kama wajuzi. Wageni wanafungua, wanakwama, wanaondoka. Wengine wanasema tuufunge mwongozo wote."

Mama alininyang'anya simu. "Hamfungi kitu. Nileteeni hizo karatasi."

Tangu hapo, kila Jumamosi amekaa kwenye kiti chako, wenzako wanne wakimtazama kwa video, midomo wameiziba. Mara ya kwanza alikwama hatua ya tatu: iliagiza amri ya kompyuta iandikwe, na hakuna aliyesema iandikwe wapi. "Niandike wapi, ukutani?" Walicheka wote, halafu mwenye jogoo akaangua kilio. Kuna siku Mama alichoka, akainuka aende zake, akarudi na miwani. Binti yako alihesabu: amekwama mara kumi na tisa. Mara zote kumi na tisa wameandika upya.

Jumamosi iliyopita alipitisha kidole mstari kwa mstari, akafika chini, akabonyeza. Hakuuliza kitu. Kwenye skrini likatokea neno moja, lile uliloliweka mwenyewe tangu mwanzo kwa yeyote atakayefika: Karibu.

Mama aliligusa kwa kidole. "Nimeshafika, baba," akasema.

Leo, siku yako, sura hiyo imetoka.

Tunaokukumbuka ni Mama, fundi. Mimi mkeo, ninayekukosa kila chai inapochemka. Binti yako, anayejua kuziba mdomo kuliko sisi sote. Kaka zako wawili, shangazi, mashemeji. Na wenzako wanne, ambao tumewaandika humu kwa kuwa ni ndugu. Hutatoka mioyoni mwetu kamwe. Na mgeni akikwama, tutafuta, tutaanza upya.