Ngozi ya Gaspari

Jumatatu, 6 Juni 1994

Tumetoka hospitali. Gaspari wangu kazaliwa kama amevikwa nailoni, sasa inabanduka vipande vipande. Daktari anasema katikati ya seli za ngozi kuna mafuta, seramaidi, yanayozuia maji ya mwili yasitoroke. Ya mtoto wangu ni haba. Basi — mafuta ya mgando mwili mzima, usiku na mchana. Sabuni marufuku. Nepi ikikaa kavu, ujue maji yanamwishia, tumrudishe mbio.

Mimi mwalimu wa baiolojia! Seli nilizozoea kuzichora kwa chaki leo zinanitoa jasho.

Jumatano, 8 Juni

Mama yake Henry, mume wangu, kafika kutoka Lusewa. Nikampa shikamoo, akaitikia huku anamkodolea macho mjukuu. Kauliza mbona ananata kama andazi. Nikamjibu kwa mkato: amri ya daktari, asiguswe. Kanuna. Jumapili ni ubatizo, eti mtoto hapelekwi kwa Padri hivyo!

Upepo wa kipupwe unanikausha hata mimi midomo. Nepi imelowa. Asante Mungu.

Jumamosi, 11 Juni

Mafuta yamebaki ya kukwangua. Nakimbia dukani kwa Kassimu.

Jumamosi hiyohiyo, mchana

Narudi na kopo mkononi — Gaspari ananukia waridi! Mama kamwogesha kwa sabuni ya Dubai, hizi zilizojaa madukani siku hizi. Kamsugua mpaka akatakata. "Sasa anafaa kubatizwa," ananiambia, anatabasamu kabisa.

Ngozi imepasuka shingoni na kwapani. Nilipiga kelele mpaka jirani akachungulia. Nimemtamkia Mama maneno ambayo mkwe hatamkiwi. Halafu nikakaa sakafuni, nikamweleza polepole, kwa mara ya kwanza: mafuta ya ndani ya ngozi yake hayatoshi, haya ya kopo ndiyo yanashika zamu. Bila hayo maji yanamtoka, wala huyaoni.

Akalitazama kopo: "Kumbe nimemvua ngozi, mwanangu?"

Tulimpaka pamoja, yeye miguu, mimi kifua.

Henry kaenda kutafuta gari la kuturudisha hospitali. Gaspari hataki kunyonya, anasinzia tu. Naogopa. Mama yuko jikoni anapasha moto khanga za kumfunikia, kila mara anachungulia mlangoni.

"Imelowa?"

"Bado, Mama."

Naandika kwa mkono mmoja. Wa pili sijautoa kwenye nepi.