Viatu Kando ya Ngazi

Free Area, Jumamosi

Kwa hivyo amekuja. Miezi minane tangu nihamie kwa hii basi kuukuu ya dizeli, na leo Mama ametoka Bahati bila hata kunipigia simu.

Nilikuwa nimelala chini ya basi nikifunga tanki la maji machafu, nikaona viatu vyake vya kanisa vimesimama karibu na gurudumu. Nikajua ni yale maneno ya kila siku: "Utatoka lini kwa hiyo gari yako ujenge?"

Lakini aliuliza, "Na maji ya sinki huenda wapi?"

Nikamwonyesha tanki. Akauliza kama sola inaweza kuwasha friji. Akataka kusikia injini. Ilikohoa, ikatoa moshi mweusi, ikashika, na yeye akacheka kama msichana.

Nimekuwa nikiogopa kwamba hatawahi kuingia. Sijamwambia mtu.

Kitu nashindwa kuelewa ni hiki. Sijaweka kapeti bado. Sakafu ni mbao tupu na vumbi la msumeno, na nilimwambia aingie tu hivyo. Mama hupanda gari na viatu, hata ile ya pasta. Leo aliinama mlangoni akavivua, akavipanga kando ya ngazi, akaingia na soksi zake nyeupe.

Akiondoka soksi zilikuwa chafu kabisa. "Hiyo gari yako inataka pazia," akasema. "Nitashona."

Gari. Sawa, Mama. Sikubishana.