Paja la Mbuzi wa Mlali

Dada Neema, shikamoo kutoka Mlali kwenye vumbi.

Nimekasirika! Sisi wasichana tumeshinda tukipura uwele kwa fimbo mpaka mikono inauma. Jioni akachinjwa mbuzi. Binamu Yohana, aliyeshinda kivulini, akajisogezea sahani ya paja: "Hii ya wenye misuli. Nyinyi kuleni utumbo."

Unajua ninavyoogopa kusema mbele za watu. Lakini yale niliyokariri kwa Kiingereza darasani yakanitoka kwa Kiswahili: "Kaka, msuli hausukumi, unavuta tu. Mmoja ukikaza, mwingine unalegea. Yako yote imelegea tangu asubuhi!"

Shangazi alicheka mpaka akakaa chini. Nami nikaivuta sahani.

Samahani kwa mwandiko, mkono bado unauma. Nakukumbuka sana, dada.

Mdogo wako, Tumaini