Maji Yamepita Shakawe

Kambi ya Wakata Matete,
Shakawe.
2 Mei 2009

Mpendwa Mjomba Ramosweu,

Shikamoo. Miguu yako inaendeleaje? Mama kifua chake kimepona? Na yule mbuzi wa pembe moja bado anakula nguo za watu? Mimi ni mzima, ila mgongo umepinda kama mundu, na ruba wa huku wameshanizoea kama ndugu yao.

Habari kubwa ni kwamba maji yamekuja. Wiki iliyopita tulikata matete tumesimama pakavu. Leo maji yanatufika kiunoni, na msimamizi anatuhimiza akiwa juu ya lori. Mzee Mbambo, mwenyeji anayetuvusha kwa mtumbwi, anasema hajaona maji kama haya tangu meno yake yalipokuwa yote mdomoni.

Najua utacheka. Utasema, "Mpwa wangu, mto Boteti ulishakufa, na mimi nilikuwepo mazikoni." Ndiyo maana ukalima matikiti katikati yake. Lakini Mjomba, usitazame mawingu ya huko. Mvua ya maji haya ilinyesha Angola. Yameshuka, yamepita hapa, sasa yanaingia kwenye mafunjo, na humo yanatangatanga kama wewe ukitoka kwenye pombe kwa Mma Tiro, kila kichaka lazima yakisalimie. Basi linafika Maun kwa siku moja, maji yanachukua miezi. Yakishafika Maun yanapinda, yanaingia Boteti, yanashuka Motopi, kisha kwetu. Mbele ni Rakops, halafu yanaishia kwenye uwanda wa chumvi jangwani. Bahari hayaijui.

Sasa sikiliza. Boitshepo wangu yuko ng'ambo ya pili. Ng'ombe wa mahari wako kwako, ng'ambo hii. Tangu mwaka juzi unawavusha kesho. Kwanza fahali aliugua. Kisha ukasema viatu vinakubana, na mjomba hawezi kuingia kwa wakwe akichechemea kama mtu aliyekwenda kuomba msamaha.

Leo hapo katikati ni mchanga tu, hata kuku anavuka. Maji yakija, daraja liko mbali huko Motopi, ng'ombe hawapandi mtumbwi, na mamba hawaulizi hawa ni wa mahari ya nani. Tena Rra Keoagile, baba yake Boitshepo, amesema baada ya mavuno atamsikiliza yule mwalimu wa Rakops anayemposa naye. Mwalimu ana gari, Mjomba. Yeye atazunguka darajani huku anasikiliza redio.

Halafu utasemaje ukichelewa? Mila inakutaka uingie, ukae chini, uombe kibuyu cha maji, ndiyo kusema unaniposea mke. Na mto mzima unanguruma mgongoni kwako! Shangazi za Boitshepo watakuambia, "Chota hapo nyuma yako, baba, uende zako."

Nilimsimulia Mzee Mbambo mambo yako. Akaacha kupiga kasia.

"Huyo mjomba wako ana akili?"

"Anazo, mzee, ila anaziwekea akiba."

"Basi mwandikie leo. Na matikiti ayavune."

Dereva wa basi atakuletea barua hii pamoja na viatu. Nimenunua vikubwa makusudi. Vikikupwaya, jaza nyasi. Sasa umebakiwa na kisingizio kimoja tu, nacho kinakuja polepole kutoka Angola.

Nisalimie Mama, shangazi Gabaitse, na Mma Tiro, ila yeye usimsalimie kwa muda mrefu. Ukimwona Boitshepo akichimba kisima mchangani, mwambie nakuja, nikiwa na mgongo au bila mgongo.

Mungu awalinde nyote. Nawatakia mvua nyingi, kama tunavyoagana kwetu, lakini ng'ombe wavuke kwanza.

Ni mimi mpwa wako, nikupendaye hata ukichelewa,
Gaolathe